Ebrahim Fundi na Kapu la Ngoto

Mzambarau wa Ebrahim Fundi bado upo Bigwa, pale kijito kinapokata njia ya kupanda mlimani. Tulipokuwa watoto tulirudi kutoka huko ndimi zetu zikiwa na rangi ya wino, na bibi yangu Mwaisha, aliyemzaa mama yangu, hakuwa na haja ya kutuuliza tulikuwa wapi. "Mmekwenda kumwibia babu yenu," alisema, ingawa babu huyo alikuwa Mhindi wa Kachi mwenye ndevu nyeupe na kofia ya zari, na mti wenyewe aliupanda ili uliwe.

Nilimfahamu akiwa mzee. Duka lake mjini lilikuwa chumba kimoja cha mbele, cherehani mlangoni, majora ya marekani na kaniki yamepangwa hadi darini. Alizungumza pini zikiwa zimebanwa midomoni, nasi tulikaa barazani tukingoja ameze moja. Hakumeza hata siku moja. Leo harufu ya kitambaa kipya ikinipata popote, hata katika duka kubwa la Dar es Salaam, narudi kwenye baraza ile na kuisikia cherehani ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama.

Alikuwa na kopo la biskuti alimofungia vyeti vyake vya kuishi nchini: cha Mjerumani, cha Mwingereza aliyemfuata, na mwishoni cha serikali yetu wenyewe. Tulimwomba kila mara atusimulie habari ya kile cha kwanza. Naiandika hapa kama alivyoisimulia yeye na kama bibi alivyomsahihisha, maana wawili hao walibishana juu yake mpaka mmoja alipozikwa.

Ebrahim alifika Morogoro pamoja na reli. Alikuwa kijana asiye na mke, mama yake amekufa katika miaka ya njaa huko Kachi, nyumba yao imechukuliwa na ndugu wa baba. Hakuwa na mtu wa kumrudia. Alipopata cherehani na chumba, akatamani kipande cha ardhi cha kupanda bilingani na pilipili, kama alivyozoea kwao.

Ardhi ya upande ule wa Bigwa ni ya ukoo wetu, na ukoo wetu, kama koo zote za Waluguru, hufuata upande wa mama. Msemaji wake wakati huo alikuwa Pazi, kaka yake bibi. Pazi akampa mgeni kipande kando ya kijito kwa desturi ya siku zote: kila mavuno alete ngoto. Ngoto ni kapu la mazao. Thamani yake ni ndogo. Anayelileta anasema tu kwamba anajua ardhi ni ya nani. Kapu lenyewe lilikuwa la Mwaisha. Yeye ndiye aliyelipokea, akatoa mazao, kisha akalirudisha kwa Ebrahim na mbegu chache ndani. Mbegu hizo ndizo zilikuwa jibu: lima tena. Mwaka ambao kapu lingerudi tupu, mgeni angejua kwamba afunge mizigo.

Jambo moja alikatazwa, nalo ni mti. Mgeni hupanda vitu vya msimu. Mti wa kudumu hupandwa na mwenye ardhi. Kwa hiyo mche wake wa mzambarau, aliopewa na msafiri wa kwao, aliutunza katika debe la mafuta ya taa mbele ya duka. Kila alipomwomba Pazi ruhusa ya kuupanda, Pazi alimjibu, "Debe halijauchosha bado."

Chuoni tulifundishwa kwamba sheria za wageni zililetwa nchini na serikali za Ulaya. Nilibisha darasani na bado nabisha. Bigwa walikuwa na sheria yao ya kumpokea mgeni, kumpima, kumrudisha akikosa adabu, na hawakuhitaji muhuri wala askari mlangoni. Aliyekuja na muhuri mwenyewe alikuwa mgeni ambaye hakupiga hodi.

Basi amri ikatoka kwamba kila mtu aliyetoka Bara Hindi awe na cheti cha kuishi, na asiyekuwa nacho arudishwe pwani kwa treni, kisha kwao kwa meli. Ebrahim akaitwa bomani. Mkuu wa boma, ambaye watu walimwita Bwana Shauri kama walivyowaita wote wa cheo chake, alikijua Kiswahili, lakini kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha tu.

"Nani alikuruhusu kukaa hapa?"

"Mzee Pazi wa Bigwa, bwana."

Karani akainamia meza asionekane akicheka.

"Ardhi yote hii ni ya serikali," alisema Bwana Shauri. "Pazi naye anakaa kwa ruhusa yangu. Jumatatu niletee mdhamini, mtu wa hapa anayelipa kodi na anayejulikana. Usipomleta, Jumanne unapanda treni."

Ebrahim alirudi dukani kichwa kikimzunguka. Alikuwa amejifunza namna moja tu ya kuomba ruhusa ya kukaa katika nchi hii, na aliiamini. Kama mwenye ardhi ni serikali, aliwaza, basi nimekuwa nikipeleka ngoto nyumba isiyohusika. Asubuhi akachuma bilingani zake nzuri kuliko zote, akazipanga katika kapu la Mwaisha, akalibeba hadi bomani mbele ya macho ya soko zima.

"Weka pale," alisema karani, bila kuinua uso.

Kesho yake akapanda Bigwa kumwomba Pazi awe mdhamini. Pazi alikuwa uani akinoa panga, Mwaisha akipepeta mahindi.

"Shikamoo, Mzee Pazi."

"Marahaba." Panga likaendelea kunolewa. "Nasikia ngoto ya mwaka huu imepata baba mpya."

"Na kapu langu je?" aliuliza Mwaisha. "Limeolewa bomani?"

"Mzee, nilidhani..."

"Ulidhani! Mzungu akisema mlima ni wake, umekuwa wake? Kesho akisema hizo ndevu ni zake, utanyoa umpelekee?"

"Atanipakia kwenye treni Jumanne. Sina pa kwenda. Anataka mtu wa kunidhamini."

"Mwambie huyohuyo akudhamini," alisema Pazi. "Anayekula ngoto ndiye anayekujibia. Ndivyo ilivyo. Mimi mwaka huu sijala kitu chako."

Ebrahim alisimama pale, hajui akae au aondoke. Alisema baadaye kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kujiona mgeni kama wakati ule. Kule chini hakuwa na cheti, na huku juu alikuwa ameichana kwa mkono wake mwenyewe ruhusa aliyokuwa nayo.

"Fundi," Mwaisha alisema, "mambo ya treni mtayajua ninyi wanaume. Mimi nataka kapu langu."

Ebrahim akashuka moja kwa moja hadi bomani. Karani hakuwepo, mlango ulikuwa wazi, na kapu lilikuwa chini ya meza. Walikuwa wamelifanya la taka. Limejaa karatasi zilizochanwa, zenye mihuri na zisizo na mihuri. Ebrahim akapiga magoti, akazimwaga zote sakafuni. Alikuwa bado anakung'uta vipande vya mwisho aliposikia viatu nyuma yake.

"Unaiba?" aliuliza Bwana Shauri.

"Nimefuata kapu la dada yangu, bwana. Lilifika hapa kwa makosa."

"Na bilingani?"

"Bilingani ni zawadi, bwana, kuleni tu. Ila kapu si la hapa."

Bwana Shauri akatazama karatasi zilizotapakaa, kisha akamtazama Mhindi aliyelikumbatia kapu kama mtoto. "Okota zote," alisema. "Halafu Jumatatu."

Akaziokota zote, akazirundika mezani kwa karani, akapanda tena Bigwa na kapu tupu. Mwaisha aliligeuza, akalinusa, akasema linanuka wino. Pazi akataka kujua lilivyopatikana, na Ebrahim akamweleza neno kwa neno.

"Ngoja," alisema Pazi. "Ulimwambia ni kapu la nani?"

"La dada yangu."

"Ulimwambia hivyo machoni pake?"

"Sikuwa na muda wa kufikiri, mzee."

Hapa ndipo bibi alipomkatiza miaka yote. "Hukusema dada," angesema. "Ulisema la yule mwanamke mkali." Na yeye angetoa pini zote midomoni, kitu ambacho hakukifanya kwa jambo lingine lolote, ili aape vizuri kwamba alisema dada.

Pazi akaupitisha ukali wa panga kwenye kidole gumba. "Ukimwita Mwaisha dada," alisema mwishoni, "mimi nimekuwa nani wako?"

"Kaka, mzee."

"Basi acha kuniita mzee."

Jumatatu walishuka watatu. Pazi alivaa kanzu aliyoshonewa na Ebrahim mwenyewe, Mwaisha akabaki kwenye ngazi na kapu lake kichwani, maana alisema haliachi tena peke yake mahali pale.

"Huyu ni nani wako?" aliuliza Bwana Shauri.

"Dada yake ni dada yangu."

"Baba mmoja?"

"Baba hahusiki hapa," alijibu Pazi. Karani akakohoa.

"Akifanya kosa?"

"Niulizwe mimi."

"Akitoroka?"

"Ana bilingani hazijachumwa. Atorokee wapi?"

Muhuri ukagongwa. Cheti kikatolewa, Ebrahim akakishika kwa mikono miwili. Kisha Pazi akauliza, kwa upole kabisa, "Na wewe, bwana, ulipokuja, nani alikujibia?"

Ebrahim alisema swali hilo Pazi aliliulizia nje, njiani kuelekea nyumbani. Bibi aliapa kwamba alilisikia likitoka dirishani. Mimi nimeamua kumwamini bibi.

Cheti kile kilifaa miaka michache tu. Vita vikaja, Mwingereza akaja na karatasi zake, na Ebrahim akaanza upya kupanga foleni. Lakini yale ya Bigwa hayakuhitaji kuanza upya. Walipofika kijitoni siku ile ya cheti, Pazi alisimama, akatazama kile kipande cha bilingani, akasema, "Kalete lile debe lako."

Ebrahim hakungoja aambiwe mara ya pili. Alikwenda mjini na kurudi mbio, debe begani, udongo ukimmwagikia shingoni. Akaanza kuchimba kwa jembe la Pazi, haraka, kwa woga wa mtu anayedhani wenyewe watabadili mawazo. Mwaisha aliinama akatazama shimo.

"Chimba chini zaidi, kaka," alisema. "Huo si mchicha."