Karanga Zilizofungwa Kabla ya Kukauka

Nilisema uongo wa neno moja tu, na neno hilo lilikuwa "imekauka."

Msimu uliotangulia ukungu ulikuwa umetumalizia karanga za mbegu nyumbani kwetu Lubondja. Safari hii mama mkwe wangu alikubali, kwa shingo upande, nijaribu maji ya majani niliyofundishwa na agronome, bwana shamba aliyepita kijijini: unatwanga kivumbasi na mchaichai, unaloweka, unachuja, unanyunyizia karanga kidogo kidogo huku ukizigeuza. Kisha unaanika mpaka zikauke kabisa, kwani ukizifunga na unyevu umeulisha ukungu mwenyewe. Mama mkwe, aliyezoea kutundika mbegu juu ya moshi wa jiko, alinisikiliza amekunja mikono.

"Jaribu basi," alisema. "Lakini hii njo mbegu yetu yote."

Nilizinyunyizia asubuhi. Jua halijakolea, risasi zikalia upande wa milimani, na watu wakaanza kushuka na magodoro vichwani. Kwetu mbegu hukaa kwenye bidoni, dumu la plastiki, kwa sababu moja: bidoni unaweza kukimbia nalo. Nilizoa karanga kutoka kwenye turubai. Zilikuwa baridi mkononi. Mama mkwe akatia mkono wake ndani, akaniangalia.

"Imekauka?"

"Imekauka, mama."

Nikakaza kifuniko.

Tulifika mji wa Baraka kwa miguu, tukapokewa na dada yake mama mkwe, akatupa chumba kimoja. Bidoni likawekwa chini ya kitanda. Katika ukoo wa mume wangu mbegu ikishafungwa haifunguliwi mpaka asubuhi ya kupanda, na anayefungua ni mama mkubwa wa nyumba. Mimi ni mtu wa mdomo, wauza samaki wa sokoni wananijua, lakini siku zile nilikuwa bubu. Nilifagia chumba mara tatu kwa siku ili niiname karibu na bidoni na kunusa. Nilijipa moyo kwamba kivumbasi kingefanya kazi yake hata kwenye maji. Nilijua si kweli. Niliogopa ukungu, na nilimwogopa zaidi yule mama.

Siku ya tano nilimwambia labda tutazame kidogo tu.

"Mbegu hawafungulake hivi hivi," alinijibu, akaketi kitandani, miguu yake ikaliziba bidoni.

Siku ya sita nilishindwa.

"Mama, nilikudanganya. Zilikuwa na maji."

Hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angepiga.

"Leta," alisema.

Alipofungua, kivumbasi kilitoka kwanza, kizuri kama siku ile ya kutwanga. Kisha ukaja ule mnuko mwingine. Karanga zilikuwa zimeshikana mabonge, nyeupe na kijani. Tulizimwaga uani, tukachambua moja moja. Dada yake akapita, akasema tuzikaange hizo mbaya, batoto ba nyumba bapate kula.

"Hapana. Hii iko sumu, itaharibu bantu maini," mama mkwe alimkatalia.

Basi tukachimba shimo nyuma ya choo, tukazika karanga, sisi tuliokuwa tukila mara moja kwa siku. Zilizobaki nzima hazikujaza bakuli. Nililia palepale, mikono ina udongo, nikamwomba msamaha.

Alikuwa akifuta punje moja kwa kidole gumba. Aliifuta muda mrefu.

"Siku ile mukono yangu ilisikia maji," alisema. "Nilijua. Lakini bantu balikuwa banakimbia, kama ningesema tungekawia. Njo nikakuuliza we. Na kisha nikaogopa kufungula, nisione."

Nilikuwa nimembeba yule mama rohoni siku sita kama hakimu.

"Ile uongo," alisema, "mi niliitaka."

Kesho yake nilitafuta kivumbasi kando ya uzio wa jirani, nikatwanga, na safari hii yeye ndiye aliyezinyunyizia zile chache zilizobaki. Tulianika siku tatu. Kila alasiri aliokota punje moja, akaivunja kwa meno, akanipa nusu. Hakuna aliyesema imekauka mpaka sote wawili tulipoisikia ikivunjika.