Goti la Mama Mkwe wa Mwalimu

Ka! Mpaka leo nikivunja kijiti cha kuni naisikia. Ilikuwa asubuhi, tuko watu tisa kwenye simenti kando ya ziwa, mguu wa mbele umekunjwa, wa nyuma umenyooka, mikono inasukuma hewa polepole kama mtu anayesukuma mlango mzito. Goti la mama mmoja likalia hivyo, ka, na mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Nikampigia makofi. Nikasema, "Safi sana, mama!"

Huyo mama anauza samaki soko la Kibuye, si mbali na pale ninapouza nguo za watoto za mitumba. Miguu yake imesimama sokoni miaka mingi kuliko umri wangu. Binti yake ameolewa na mwalimu wetu wa taichi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, na binti huyo ndiye aliyemsukuma aje, kwa sababu mama alikuwa hawezi tena kupiga magoti kanisani. Wengine wakishuka, yeye anabaki kwenye benchi ameinamisha kichwa tu, na hiyo ilimuuma kuliko goti lenyewe.

"Nataka nishuke mwenyewe na niinuke mwenyewe," aliniambia siku ya kwanza. "Mungu asinikute nimekaa kama mgeni anayengoja chai."

Mwalimu naye zamani aliendesha tingatinga, wakati Wachina walipokuwa wakitengeneza barabara upande wa Kisian. Msimamizi wao alifanya taichi kila alfajiri nyuma ya mahema, na mwalimu akaanza kumwiga kwa mbali, kwanza kwa kumcheka, halafu akaacha kucheka. Hawakuwa na lugha moja. Mchina alimrekebisha kwa kidole: anagonga bega, bega linashuka, anagonga kiuno, kiuno kinarudi mahali pake. Sisi pia mwalimu anatufundisha hivyo hivyo. Mimi amenigonga mabega mpaka nadhani yameota alama.

"Mabega yako yako masikioni," anasema. "Umeenda wapi tena?"

Na kweli nimeenda. Nikitazama maji naanza kujiona na ukumbi wangu, sakafu ya mbao inayong'aa, watu thelathini wanafuata mkono wangu. "Rudi," anasema, kidole begani. Narudi nikicheka.

Sasa shida ilikuwa hii. Kwetu huku mwanaume hamgusi mama mkwe wake. Hata kumkaribia anamkaribia kwa adabu, na kumwambia mbele ya watu kwamba mguu wake umekaa vibaya, hilo halisemeki. Kwa hiyo mama alisimama mstari wa nyuma kabisa, mwalimu mbele kabisa, na kidole cha mwalimu hakikuwa na njia ya kufika huko. Mimi nikawekwa katikati nipeleke maneno.

"Mwambie mama goti lake linaangukia ndani," mwalimu ananiambia chinichini.

Mimi nageuka. "Mama, mwalimu anasema unaendelea vizuri! Labda goti, kidogo tu, lakini uko sawa kabisa!"

"Mwambie ero kamano," mama anajibu, uso umechanua.

"Anasema asante."

Mwalimu ananitazama. Mimi natazama ziwa.

Tulienda hivyo wiki tatu. Neno likitoka mbele na chumvi, linafika nyuma na sukari. Sikuwa na nia mbaya. Mimi mtu mzima akikosolewa mbele yangu natamani ardhi inifiche, kama vile aliyekosea ni mimi. Na mama alikuwa anafurahi sana! Ningemnyang'anyaje?

Halafu ikalia hiyo ka.

Siku mbili hakuja. Siku ya tatu nilimwachia jirani nguo zangu nikaenda upande wa samaki. Nilimkuta ameketi upande kwenye kistuli, goti limefungwa leso, limevimba. Alikuwa amepita kliniki. Walimwambia halijavunjika, alipumzishe. Mbele yake alisimama mteja, mwanamke mwenye kikapu, ameinua samaki na kumfunua mashavu kwa kidole gumba aone kama ndani bado ni mekundu.

"Hii ni ya jana, mama!"

"Ya jana ni wewe! Weka hapo, chukua ile ingine."

Walicheka wote wawili. Mteja akachukua ile ingine, akaenda zake. Mama akanigeukia, na kile kicheko kikaisha.

"Nyathina," aliniita, mtoto wangu, kwa sauti ya chini. "Mwambie mkwe wangu mimi nimeacha. Wiki tatu nimefanya vizuri, nyinyi wenyewe mmeniambia, na goti limekuwa bovu kuliko mwanzo. Basi si la kupona. Nitasali nikiwa nimekaa."

Alikuwa anatupa goti lake kwa sababu ya sukari yangu.

"Mama," nikasema, "hujafanya vizuri hata siku moja."

"Ati?"

"Goti lako linaangukia ndani. Mwalimu alisema kila siku. Mimi ndiye niliyeyameza maneno yake. Niliogopa."

Akachukua kisu, akaparua magamba ya ngege mmoja mpaka mkiani bila kunitazama. Nilikuwa karibu kulia.

"Umemuona yule mwanamke?" akauliza. "Amefungua samaki yangu mashavu, soko yote inaona, akasema ni ya jana. Umeona nimelia?"

"Hapana, mama."

"Na ilikuwa ya jana." Akaweka kisu chini, akashika ukingo wa meza, akasimama mos mos, polepole. "Haya. Na mimi nifungue mashavu."

Nikachuchumaa hapo kwenye maji ya samaki. Akasogeza mguu mbele, akalikunja goti kidogo tu, na nikaliona likilala ndani kama nilivyokuwa nikiliona siku zote. Nikaweka kidole upande wa ndani, nikalisukuma nje taratibu mpaka likaelekea kidole cha pili cha mguu.

"Hapo," nikasema. "Ukiliacha likilala, litalia tena."

"Hapo haliumi," akasema, kama mtu anayeshuku. Akalinyoosha, akalikunja tena. "Aa, haliumi sana. Na wewe, kwa nini mabega yako yako masikioni?"

"Umeyaona?"

"Si nakaa nyuma yako? Wiki tatu nayatazama. Nilinyamaza nisikuvunje moyo."

Tulicheka mpaka muuza dagaa wa pembeni akauliza kama tumeokota pesa.

Uvimbe ulichukua muda kushuka. Jioni moja alituma neno kwamba kesho anarudi, na kwamba nisimletee sukari.

Asubuhi hiyo nilitoka nyumbani, mtaa wa Manyatta, mapema, nikafika ziwani kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa na kipande cha chaki ya fundi cherehani. Nikaenda mstari wa nyuma, pale mama anaposimama, nikamchorea mstari kwenye simenti wa kuonyesha goti liende wapi. Kisha nikarudi mahali pangu pa katikati, nikageukia ile nafasi tupu, nikajizoeza kwa sauti: "Mama, goti linaangukia ndani."

Mara ya kwanza nilitanguliza "labda". Mara ya pili pia. Ya tatu ikatoka bila "labda", ingawa kutabasamu, nilitabasamu.