Mlangoni kwa Mama

Jumamosi hiyo nilisimama kwenye mlango wetu mtaani Mbotela nimetanua mikono kama golikipa, na mbele yangu akina mama wa jumuiya ya kanisa wapatao elfu moja. Haya, walikuwa kumi na wawili, lakini kwa chupa za chai walizobeba ungeapa ni elfu.

Walikuja kumwona mama. Kwetu mgonjwa haonwi kwa mbali: unampa mkono, unaketi kitandani pake, unamwombea ukiwa umemshika kichwa. Na dawa za saratani zilikuwa zimemfagia chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Daktari alituonya kwamba kikohozi cha mtu mmoja kingeweza kumrudisha wodini. Jumatatu angepimwa. Chembe zisipopanda, dozi ya pili ya dawa hizo za saratani ingeahirishwa, na uvimbe hausubiri mtu.

Kila asubuhi nilimdunga sindano tumboni, nikihesabu moja hadi tatu kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Dawa hiyo huuchochea uboho ndani ya mifupa utengeneze chembe mpya upesi. Nilikuwa nimesoma habari za uboho shule ya jioni, basi nikawahutubia pale mlangoni kama profesa.

Mwenyekiti wao alinisikiliza, akakohoa kidogo, akauliza, "Kijana, hiyo shule ya jioni ndiyo ilikufunza kufungia wageni nje?"

Mama alisikia. Tangu jana yake nyonga na mgongo vilimuuma kama vinapasuliwa kwa shoka.

"Hiyo sindano yako inaniua," akasema kutoka kitandani. "Wafungulie watu wangu. Na kesho usinidunge."

Ilikuwa imebaki sindano moja.

"Mama, muuguzi alituambia utaumwa. Ni uboho unafanya kazi."

Kisha mwenyekiti akajifunika mdomo kwa leso, akarudi nyuma hadi kwenye kamba za nguo, akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji. Wenzake wakamfuata. Wakaomba kutoka huko, kwa sauti ya kusikika Tanzania. Mama akaitikia amina kupitia dirisha, na Jumapili asubuhi akapandisha blauzi bila kunitazama.

Jumatatu muuguzi aliisoma karatasi ya majibu ya damu mara mbili, akasema dozi ya pili itaendelea.

Mama alichukua simu, akampigia mwenyekiti.

"Zimepanda," akasema. "Lakini msije bado."