Chifu wa Kijiji Kisicho na Watu

Baba yangu mkubwa ni chifu wa kijiji ambacho hakipo. Kilikuwa kando ya mgodi wa Shinkolobwe, na mimi nilizaliwa hapo. Siku moja tuliambiwa kwamba ardhi ile ina sumu isiyoonekana wala kunuka. Nyumba zetu zikachomwa moto tusiwe na pa kurudi, nasi tukahamia Panda, huku Likasi. Mawe ya mgodi ule yalikuwa yameshavuka bahari zamani, yakafanywa mabomu, yakaunguza miji ya watu wasiotujua. Yaliyobaki, sisi tulikuwa tukiinjikia sufuria juu yake. Watu walitawanyika, baba mkubwa akabaki na kofia yake ya uchifu, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumvua.

Mwaka jana wakubwa fulani walimwita. Walitaka kusimika kule kibao kipya cha kukataza watu kuingia, na sherehe haipendezi bila wananchi.

"Wananchi gani?" baba mkubwa aliuliza. "Mulibafukuza bote."

"Chifu hakosake bantu," akajibiwa. "Utabatafuta. Kamyo itakuya."

Akatafuta: sisi ndugu zake, majirani kadhaa, na kwaya ya kanisa letu, ambayo haikuwahi kufika Shinkolobwe lakini ilikuwa na sare. Mama alivaa kitenge cha Krismasi. Lori likatupeleka mahali palipokatazwa, tukaambiwe kwamba pamekatazwa. Askari wa kizuizi cha njiani, waliowekwa kuzuia watu, walitupungia mkono.

Mkubwa mmoja alihutubia kwa Kifaransa, barakoa usoni. Sisi hatukupewa barakoa. Alituonya tusile chochote kinachoota pale. Kwaya ikaimba. Nilipogeuka, mama hakuwapo.

Nilimkuta nyuma ya vichaka, amesimama kati ya matofali meusi yaliyomezwa na nyasi.

"Hapa njo nilikuzalia," alisema. "Kitanda ilikuwa huku. Mulango, pale."

Nilikuja kumwambia tuondoke, kuna sumu. Badala yake nikajikuta nazunguka ili niingie kupitia mlangoni. Mama akacheka.

"Pita tu, mutoto wangu. Ukuta haiko tena."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko.

Baba mkubwa akatufuata kutuita kwenye picha. Alipoona tulipo, alivua kofia, akaangaza huku na huku kama mgeni.

"Shemeji," alimwuliza mama kwa sauti ndogo, "yangu ilikuwaka wapi?"

Mama akamwonyesha kichaka cha miiba. Chifu akakisogelea, akasimama, akapiga hodi. Halafu akaingia.

Picha ilipigwa bila sisi. Wananchi wa Shinkolobwe, kwa mujibu wa picha hiyo, ni sauti ya kwanza na ya pili ya kwaya yetu.

Baba mkubwa alitoka amechanika shati, mifuko imejaa mapera ya humo kichakani. Tuliyala njiani, sisi watatu, tumejibanza nyuma ya lori. Yalikuwa matamu mno.