Mama Hali na Lifti Iliyokwama

Mgeni alifika ghorofa ya pili akihema, begi begani, akitafuta wodi alimolazwa rafiki yake. Hospitali hiyo hakuwahi kuikanyaga. Akakuta watu wamejazana mbele ya lifti, na fundi wa programu yake ameketi sakafuni, kompyuta mapajani. Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa mbili. Ndani mlikuwa na muuguzi, mgonjwa wa kupasuliwa, na mtungi wa oksijeni uliobakisha dakika chache.

Waliomzoea fundi huyo walimwita Mama Hali. Programu aliyoiandika iliijua lifti kwa hali nne tu: imesimama, inapanda, inashuka, mlango wazi. Nyumbani wifi yake humtania kwamba mume akichelewa haulizwi alikuwa wapi, huulizwa yuko hali ipi.

Leo kompyuta haikusoma kitu. Akabandika mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Dada! Hali gani huko?"

"Nzuri, mama! Shikamoo!" muuguzi akajibu kutoka ndani.

Watu wakaangua kicheko. Mama Hali jasho lilimtoka.

"Marahaba, lakini sikuamkii! Hali gani?"

"Mbaya! Mshale wa oksijeni umeingia kwenye nyekundu!"

"Si ya mgonjwa, ya lifti! Juu ya vitufe pana kioo. Soma!"

Sauti ya muuguzi ikasoma kutoka ndani.

"Kimeandika 'mlango wazi'. Lakini mama, umefungwa!"

Ukutani palikuwa na swichi ya kuilazimisha lifti ipande.

"Lazimisha tu," mlinzi mmoja alisema. "Mtu atatufia!"

Mkono wa Mama Hali ulikwisha kuishika. Lakini kama kuna kitu mlangoni, mguu wa mgonjwa, je? Akaiachia.

"Papasa ukingo wa mlango, juu mpaka chini. Pana nini?"

"Hakuna... ngoja. Shuka! Limebanwa huku chini."

"Vuta!"

Kitambaa kilichanika. Lifti ikaguna, ikapanda, na punde magurudumu ya kitanda yakasikika juu yakikimbia.

Mama Hali akafunga kompyuta. "Lile neno 'mlango wazi' nalibadilisha leo leo, liwe 'mlango umebana kitu'," alisema.

Lifti iliporudi, mgeni akamwambia, "Tupande wote, mama."

"Tangulia, mwanangu. Mimi nashuka kwa ngazi."

"Kumbe huiamini?"

"Naiamini. Ila magoti yangu yamebaki na hali moja tu: yanatetemeka."

Akashuka, kiganja ukutani. Mgeni akabaki mbele ya mlango uliofunguka, akikusanya mkanda wa begi lake usije ukabanwa.