Mama Atalala Wapi

Nilipopewa kazi ya kuwasomesha waja wazito katika kituo cha afya kimoja huko Ole, nilifurahi kupita kiasi. Mimi ni mkunga, mzaliwa wa Jadida, Wete, na kuzungumza ndiyo starehe yangu. Nikaona nimepata watu wa kunisikiliza, tena wazito, hawawezi kunikimbia.

Nilijiandaa haswa. Nilikuwa na picha za kutundika ukutani, mwanasesere wa plastiki asiye na nguo, na masomo yaliyopangwa wiki kwa wiki: dalili za hatari, hatua za uchungu, kunyonyesha, chanjo. Wanawake walikuja, wakakaa kwenye mabenchi na buibui zao. Nikasomesha. Nikauliza, "Mmefahamu?" Wakajibu, "Tumefahamu." Nikauliza, "Nani ana suali?" Kimya. Aliyechangia ni kuku wa jirani tu.

Iliniuma. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba wanawake wa Ole ni wagumu, hawataki kujua lolote. Akanitazama, akaendelea kula.

Kumbe benchi la mbele lilikuwa na mambo yake. Hapo alikaa bibi mmoja mtu mzima, mcheshi mno nje ya darasa, mwenye mimba aliyoapa kwamba ni ya mwisho. Pembeni yake alikaa mke wa mwanawe, msichana mpole, naye ana mimba yake ya kwanza. Mkwe na mkaza mwana, benchi moja, na mimi nimesimama mbele yao na mwanasesere mkononi nikiwaeleza mtoto anapitia wapi. Nani angefungua mdomo? Kwetu mambo hayo hayatajwi mbele ya mkwe. Msichana husema, "Leo nimechoka," mkwe hujibu, "Basi kapumzike," na hapo wameshaambiana yote. Nami nimelelewa hivyo hivyo, lakini sijui nilivaa koti jeupe na akili nikaiacha wapi.

Msimu wa karafuu ulipoingia, hata wale mabubu wangu hawakuja. Nilikaa na mabenchi matupu mpaka hasira zikanipanda, nikafunga mlango nikawafuata. Sikuwatafuta sana. Walikuwa uani kwa yule bibi, baada ya sala ya alasiri, wameizunguka karafuu mbichi iliyorundikwa juu ya jamvi, wanachambua. Kuchambua ni kuitenga karafuu na makonyo yake, vile vijiti inavyoshikia, na mtu huikamata kazi hiyo akaifanya mpaka vidole vikawa vyeusi.

"Karibu, Bi Daktari," alisema bibi. "Leo skuli imehamia kuno."

Nilikuwa nimekuja kugomba, lakini utagomba vipi na watu wanaokusogezea mkeka? Nikakaa, nikaanza kuchambua. Walinicheka mpaka machozi. Mmoja alisema mikono ya Wete ni ya kushikia kalamu tu, huno mzigo wa Ole utaishinda. Nikacheka na mimi, kwa kuwa karafuu zangu zilikuwa nusu zimevunjika.

Halafu nikasikia jambo ambalo sikulisikia darasani hata siku moja. Walikuwa wanazungumza. Huyu anasema kiungulia kinamnyima usingizi, yule anasema mumewe hataki kusikia habari za hospitali, mwengine anauliza kama ni kweli mtoto akigeuka huumiza. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Macho yote yalikuwa kwenye karafuu, kwa hiyo hakuna aliyemwambia mtu kitu. Kila mmoja alikuwa anaiambia karafuu. Nikajibu na mimi bila kuinua uso.

Ndipo yule msichana mpole aliposema, kwa sauti ndogo, "Mie nauliza. Nikizalia hospitali ya Wete, mama yangu atalala wapi?"

Sikulielewa suali mara moja, kwa sababu halikuwamo katika masomo yangu yote. Msichana alikuwa mtu wa Kisiwa Panza, kule kusini, ng'ambo ya maji. Ada ni kwamba mimba ya kwanza mtu huizalia kwao. Mama yake ndiye humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga na kumlea yeye na mtoto wake mpaka arubaini itimie. Lakini presha yake ilikuwa imeanza kupanda, na mimi nilishamwambia kliniki kwamba asiondoke, abaki karibu na hospitali. Alinijibu, "Sawa, Bi Daktari." Sasa, palepale kwenye jamvi, nikaambiwa kwamba nguo zake na vitu vya mtoto vilikwisha tangulia Panza.

Niliogopa. Nilimwona msichana yule ameshikwa na uchungu kisiwani, presha juu, watu wanatafuta mashine ya boti. Nilitaka kumpigia kelele. Lakini nilimwona anairudia karafuu ile ile aliyokwisha kuichambua, nikajua kwamba hofu anayo tayari, tena kunishinda. Hofu zake zilikuwa mbili: ya kuzaa kule mbali na daktari, na ya kuzaa huku bila mama. Mimi nilikuwa nimeisikia moja tu.

"Si umwite aje?" nilisema.

Wote wakanitazama, mara ya kwanza siku ile. Mama haendi kulala nyumba ya mume wa mwanawe. Mama huyu na mkwewe, mume wa msichana, hata macho walikuwa hawajapata kutazamana sawasawa; wakikutana njiani huyu hushusha uso, na yule huvuta mtandio. Nyumba ya wazee wa mkwe ndiyo kabisa haiendeki. Watu wangesemaje?

Bibi alichambua konzi nzima. Halafu akamwambia mkaza mwanawe, macho bado kwenye karafuu, "Mpigie mamako simu. Niwekee hapa, nna vidole vichafu."

Simu ikawekwa juu ya mkeka, spika imefunguliwa. Wakasalimiana mpaka nikadhani wamesahau kilichowakutanisha. Kisha mama wa Panza akasema kile tulichokitegemea: "Bibi weye, mie nikakae kwa wakwe arubaini nzima? Haya nitaiweka wapi?"

"Nani kakwambia uje kwa wakwe?" alisema bibi. "Nakwita uje kwangu mie. Mie nami n'na tumbo, na utu uzima huno. Mama yangu keshakufa, mume wangu yuko Unguja na kazi zake. Nani atanikanda? Watu wakikuuliza, waambie umekuja kunitazama mie mgonjwa. Na mwanao kama atapita hapo uani, ni bahati tu."

Tukasikia kicheko upande wa pili. "Yarabi," ilisema simu, "wewe mwanamke mjanja."

Alikuja wiki ile ile na kikapu cha pweza mkavu na zile nguo zilizotangulia. Msichana alipomwona aliangua kilio, na mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Masomo yangu niliyapindua. Karafuu zilipokwisha, niliwaambia waje kituoni na ukili wao, wakakaa chini kwenye mikeka, kila mtu anasuka na kutazama msuko wake. Nilianza na kile wanachokiogopa, na dalili za hatari nikazipenyeza humo humo. Siku moja tulizungumza namna ya kumwambia mume bila kumwambia. Siku nyengine tulizungumza nani abaki na watoto wakubwa. Mama wa Panza alikuwa haachi kuja, na tuligombana vizuri sana juu ya kumpa mtoto mchanga maji ya asali. Hakukubali kwamba ameshindwa, ila asali alimpa mgonjwa wake, bibi. Presha ya msichana tuliipima kila alipokuja. Haikushuka tulivyotaka, lakini haikututoroka.

Uchungu ulimshika asubuhi moja, na gari ikatufikisha Wete bila shida. Niliwaomba wenzangu wa zamu mama yake aingie, wakakubali. Alimshika mwanawe mgongo, akimsomea dua, na mimi nikimwambia pumua. Kabla ya adhuhuri alizaliwa mtoto wa kike, analia kwa hasira, na mama yake mzima. Nilifurahi hata nikasahau adabu, nikapiga kigelegele wodini.

Baba wa mtoto alikuwa barazani, baiskeli ameitupa chini. Alipomwona mama mkwe anatoka na mtoto, alishusha uso na kurudi nyuma hatua. Nilinyoosha mikono nimpokee mtoto, nimfikishie yeye, kama inavyokuwa siku zote baina ya watu hawa. Yule mama alinipita. Alikwenda mpaka mbele ya mkwewe, akasimama, akamtazama usoni.

"Mpokee mwanao," alisema. "Muadhinie."

Yule baba alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa mama mkwe mwenyewe. Adhana aliianza vibaya, akaianza tena, mpaka ikatulia. Alipomaliza sikio la pili, mama alikuwa bado amesimama palepale.

"Nyumbani kwako mna chumba kimezidi?"

"Kimo, mama."

"Basi kakifagie," alisema. "Arubaini n'talala kwako."