Nusu Isiyosikika

Baba yangu mdogo alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi, na kwa ajili ya kazi hiyo watu wote, hata mama yake mzazi, walimwita Mashavu. Kila jioni alitandika gazeti mezani, akaifungua tarumbeta kipande kimoja kimoja, akatia mafuta kwenye vitufe, kisha akaisugua kwa flana mpaka ukajiona pua. Bibi alilalamika kwamba nyumba inanuka kama gereji. Akitoka nje aliwaringia majirani kwamba bila mwanawe serikali isingeamka.

Wakati huo tulikuwa bado koloni, na ng'ambo ya mto kulikuwa na koloni jingine, la wakoloni wengine. Sisi wadogo, wao wakubwa. Wakoloni walipofungasha virago, viongozi wa pande zote mbili wakakubaliana tuwe nchi moja, na watu wakacheza barabarani. Simjui mtu aliyeuamini muungano ule kama Mashavu, na hapo nawahesabu hata walioutia saini. Mkataba ulisema kila kitu kitakuwa nusu kwa nusu: mawaziri, askari, makarani, na bendi pia. Wimbo mpya wa taifa ulikuwa na mwisho wake, pale vyombo vyote vinaponyamaza na tarumbeta moja inapanda peke yake. Kwa heshima ya upande mdogo, kipande hicho akapewa yeye.

Bibi miguu ilikuwa imemwisha, hakuweza kwenda uwanjani kwenye sherehe ya Muungano. Mashavu akamnunulia redio, akaiweka karibu na kitanda.

"Mama, pale mwisho ukisikia imebaki moja tu, ujue ni mimi."

"Hata zikiwa mia nitakujua," bibi akasema. "Pumzi yako mimi ndiye niliyeisikia wa kwanza."

Siku chache kabla ya sherehe, bendi mbili zikakutanishwa kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa kambi ya upande wa pili. Walipopuliza pamoja, zikawa kelele tupu. Hakuna aliyekosea. Kila koloni lilikuwa limeletewa vyombo na mabwana zake, na sauti ya vyombo vyetu ilikuwa juu kidogo kuliko ya vile vyao. Kidogo tu, lakini ukisikia unaziba masikio. Mashavu alilivuta bomba la tarumbeta ili aishushe sauti, mpaka likakaribia kuchomoka. Sauti moja ikakubali, nyingine zikagoma.

Mkuu wa bendi, mtu wa upande mkubwa, wala hakuwa mtu mbaya, alijifuta jasho akasema vyombo vipya vimekwisha kuagizwa. Kwa sasa wapulizaji wa upande wetu washike vyombo, wavimbishe mashavu, wachezeshe vidole, ila wasipulize. Wapiga ngoma waendelee, maana ngoma haina ugomvi na mtu.

"Afande, niazime moja ya kwenu," Mashavu akasema. "Kwa kile kipande tu."

"Zinawatosha wenyewe. Na kile kipande atapiga mtu wetu. Wewe utasimama mbele yake."

"Si tuliambiwa nusu kwa nusu, afande?"

"Ndivyo itakavyokuwa. Nusu ya watakaosimama ni nyinyi. Mkataba haukusema msikike."

Haya nilisimuliwa na mpiga ngoma kubwa, rafiki yake, miaka mingi baadaye. Mashavu mwenyewe hakufungua mdomo.

Siku ya Muungano chumba cha bibi kilijaa majirani mpaka dirishani. Wimbo ulipokaribia mwisho, bibi aliinua mkono, watu wakanyamaza. Tarumbeta ikapanda peke yake, nyororo, nikasisimka mwili mzima.

"Huyo," bibi akasema. "Huyo ndiye wangu." Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

Mashavu alirudi jioni, sare yake haina hata kunyanzi moja. Bibi akamwita kitandani, akamshika mashavu yote mawili.

"Nimekusikia, baba."

"Asante, mama," akasema. Kisha akaenda uani kunawa uso, akakawia sana.

Vyombo vipya vilikuwa njiani. Mwaka uliofuata bado vilikuwa njiani, na uliofuata huo hakuna aliyeuliza tena. Kila sherehe Mashavu alisimama mstari wa mbele, akavimba, akachezesha vidole, na kila jioni ya sherehe bibi alimwambia amemsikia. Nyumbani aliacha kupiga. Bibi akimwomba, alisema kanuni za kazi zinamkataza. Wenzake wa upande wetu walipostaafu, wakaajiriwa vijana wengine ili nusu itimie, na Mashavu akapewa kazi ya kuwafundisha: wapi pa kuvuta pumzi, wakati gani wa kushusha bega. Vijana wale hawakuwahi kutoa sauti maishani mwao, lakini kwa macho usingewatofautisha na wapigaji. Nasema kwa hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Alipandishwa cheo kwa kazi hiyo.

Bibi alifariki katikati ya mvua. Kabla ya kumtoa, ndugu walimgeukia Mashavu. Mpigie mama yako ule mwisho, wakasema, alioupenda. Akaenda kuileta tarumbeta. Iling'aa kama zamani, maana kuisugua hakuwahi kuacha. Akasimama miguuni pa bibi, akavimbisha mashavu, vidole vikacheza bila kukosea hata kimoja, na ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Pumzi. Midomo ilikuwa imesahau. Watu wakadhani ni uchungu wa kufiwa, wakampangusa jasho na kumkalisha kitini.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuambiwa na mpiga ngoma, kwa hiyo nilikwenda kukaa karibu naye. Alikuwa ameilaza tarumbeta mapajani, anaiangalia redio iliyokuwa pale pale karibu na kitanda.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "yule ambaye mama alikuwa akimsikia miaka yote hii, ni nani?"

Nikamwambia simjui. Na kweli, hata jina lake hatukuwahi kuambiwa.